Miaka Yangu na Neno Fight

Swali lililoninyima usingizi nilipoanza kazi lilikuwa hili: mwanafunzi akikuuliza neno limetoka wapi, nawe umefungua kamusi kubwa, na kamusi yenyewe inasema "labda", je, mwalimu ana ruhusa ya kusimama mbele ya darasa akasema labda? Nililigeuza swali hilo kitandani upande huu na upande ule, mpaka jogoo wa jirani alipowika hakuwa na mtu wa kumwamsha.

Ninawaandikia ninyi mnaoingia sasa katika chumba cha walimu pale Kasongo. Mnajua desturi ya shule yetu: mwalimu akiondoka anaitwa mstaafu, awe na mvi ao asiwe nazo. Anapewa kuku, anakalishwa kwenye kiti chenye mikono, kisha anaambiwa awaachie wadogo maneno ya kazi. Mimi nimestaafu ningali na chunusi kwenye paji la uso, kwa kuwa nimeoa Kabambare na nitafundisha huko. Kuku nilipewa. Kwenye kiti nilikalishwa. Maneno ndiyo haya.

Habari za mshahara sitaziandika, maana hadithi fupi kiasi hicho hazipendezi. Wala sitaeleza nilivyopanda vyeo. Katika miaka yangu yote nilipanda meza tu, siku nyuki walipoingia darasani.

Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Msivae shati jeupe. Pikipiki za Kasongo hazibagui dini: zinamrushia vumbi Mwislamu aendaye msikitini na Mkristo aendaye kanisani kwa usawa kabisa. Nilifika shuleni nina rangi ya tofali. Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, mtu wa maneno machache, aliniangalia toka kichwa hadi viatu, akanipa pakiti ya chaki na kamusi, akasema, "Darasa la tano liko pale. Kelele ndiyo alama yake."

Hiyo kamusi lazima niwaeleze, kwa sababu mnairithi. Ilikuwa ya padri mmoja wa zamani. Jalada halipo, na mchwa wameila kuanzia herufi ya S mpaka mwisho. Kwa hiyo Kiingereza cha shule yetu kinaishia kwenye R. Tuna neno la amani, lakini neno la vita lilikwenda tumboni mwa mchwa. Tuna neno la kushindwa, lakini la ushindi hatuna. Nilipomweleza prefe jambo hilo, akaniuliza kama wanafunzi wameshamaliza hayo yaliyobaki.

Somo langu la kwanza lilikuwa habari fupi ya ndugu wawili waliogombea mtumbwi, na ndani yake kulikuwa na neno fight. Niliandika ubaoni: fight, kupigana. Mwalimu mwenye akili angeishia hapo akanywa maji. Mimi niliona si haki kulifunga neno kubwa namna ile ndani ya neno moja. Nikawaambia kwamba Mwingereza hutumia neno hilohilo kwa watu wanaopigana ngumi, kwa majeshi mawili yanayokutana, kwa mke na mume wanaogombana bila kugusana, na kwa mchezo wa ngumi wa kulipia kiingilio. Nikawaambia anaweza kupigana na moto, na malaria, na usingizi, hata na machozi yake mwenyewe. Anaweza kupigana mpaka akapata njia katikati ya watu waliosongamana. Mtu mwenye moyo usiokata tamaa, wanasema bado ana fight ndani yake. Na juu ya hayo yote, kuna usemi wao mmoja wenye neno hilihili, fight shy, nao maana yake ni kukwepa jambo kwa haya. Nilipofika hapo nilisikia masikio yananiwaka, nikaendelea haraka.

"Kwetu," niliwaambia, "kupigana kunataka watu wawili, mmoja ampige mwenziwe. Mwingereza anaweza kupigana peke yake, amekaa kitini."

Nyuma ya darasa alisimama Amisi, kijana mrefu ambaye kaka zake walichimba dhahabu Salamabila. Likizo zote aliziishi kule, na mambo ya kupigana alikuwa ameyaona kwa macho.

"Mwalimu, neno moja na kazi yote ile? Linapata mushahara?"

Darasa likacheka. Nikacheka nami, ingawa moyoni nilikuwa natafuta jibu.

"Na limetoka wapi?" akauliza Amisi.

"Nitawaambia kesho."

Ndugu zangu, msiseme kesho. Kesho inafika.

Kamusi ilisema neno hilo ni la kale sana, na kwamba Wajerumani na Waholanzi wanalo la ukoo mmoja nalo. Mpaka hapo palikuwa na uhakika. Kisha ikaongeza kwamba nyuma zaidi, labda, lilitoka katika mzizi uliomaanisha kuchana sufu ya kondoo, ao kunyonyoa. Labda. Nilitafuta hata kwenye simu, kule karibu na soko ambako mtandao unashika vizuri. Simu nayo ikasema labda, tena ikaongeza kwamba wataalamu wengine hawakubali. Ndiyo ikawa sababu ya kulala macho wazi.

Kesho ikafika. Nikawaeleza yote.

"Kuchana?" akauliza Amisi. "Na chanuo?"

"Kuchana sufu. Manyoya ya kondoo."

"Mwalimu, kondoo wetu hana manyoya ya kuchana. Iko na nywele fupi sawa mbuzi."

Alisema kweli. Kondoo wa Kasongo hajui sufu ni nini, na wanafunzi wangu hawakuwa wamepata kuona mnyama anayechanwa. Nilichora kondoo wa Ulaya ubaoni. Alifanana na wingu lenye miguu. Darasa lilimwangalia kwa huruma. Ndipo nikakumbuka ile maana nyingine, nikawaambia wamfikirie mtu anayenyonyoa kuku.

"Kumbe ni kunyonyoana," akasema msichana mmoja wa mbele, na darasa zima likafurahi, kwa sababu kila mmoja wao ameona majogoo wawili wakigombana uwanjani na manyoya yakiruka. Hata mimi nilifurahi. Kisha Amisi akaharibu.

"Kwa hiyo ni hivyo, mwalimu? Fight ni kunyonyoana?"

Niliangalia kamusi. Niliangalia dirisha. "Labda," nikasema.

Kabla ya mapumziko kwisha, jina langu jipya lilikuwa limefika sokoni. Mama mmoja muuza mikate aliniuliza, "Mwalimu Labda, unakula ao labda unakula?" Nilinunua mikate miwili ili nisionekane mtu wa kusitasita, na mimi sikuwa na njaa.

Mtu aliyenishika mkono miaka hiyo alikuwa Papa Ramazani, mwalimu wa hesabu, ambaye sauti yake ilisikika hata uwanjani. Mkewe alikuwa mtu wa Kabambare, na kwa ajili hiyo alikuwa anajua Kibangubangu, lugha ya huko, vizuri kama Kizimba, lugha ya kwao. Habari hiyo iwekeni akilini, itahitajika. Alinifundisha kupaka ubao weusi mpya kwa makaa ya betri za redio yaliyopondwa na kusuguliwa pamoja na majani ya muhogo, kazi ambayo huwa naifanya vizuri kuliko kufundisha. Alinifundisha kuvunja chaki kabla ya kuiandikia ili isilie, na kumwangalia mwanafunzi wa mwisho kabisa ninapozungumza, maana aliye mbele anasikia tu hata asipotaka. Na siku ya mikate alinikalisha chini ya paa la choo cha walimu, palipokuwa na kivuli, akaniambia neno kubwa.

"Sumaili, mwalimu hasemi labda. Ukisema labda, watoto wanaona mulango uko wazi."

"Na kama sijui, Papa?"

"Unasema unajua."

"Na kama nimekosea?"

"Unakosea kwa sauti kubwa. Kesho yake unasahihisha kwa sauti ndogo."

Nilijaribu njia hiyo juma zima. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba neno fight lilitokana na kunyonyoa, basi. Usiku nikawaza: je, kama mmoja wa watoto hawa atakuwa mtaalamu wa lugha, akasimama siku moja mbele ya wataalamu wenziwe, akasema kwa sauti kubwa niliyomfundisha mimi? Jumatatu nilirudisha labda mahali pake. Darasa lilipiga makofi, kama mtu anavyompokea ndugu aliyetoka safari.

Kisa kigumu kuliko vyote cha darasani nawaeleza ili ninyi msisite kama nilivyosita. Siku moja, katikati ya somo, Amisi na mwenziwe Mulamba waligombea nafasi ya benchi karibu na dirisha. Mara kola zikashikwa. Mimi nilikuwa nimesimama na chaki mkononi. Nikawaza kwamba mwalimu lazima awatenganishe. Nikawaza tena kwamba nikiingia katikati, wa kushoto ataona nimemsaidia wa kulia. Nikawaza, na hili nalisema kwa haya, kwamba maana ya kwanza ya neno langu ilikuwa mbele yangu ikiwa hai, na kwamba kifungo cha shati la Mulamba kilichoruka kilikuwa kama ushahidi wa ile habari ya kunyonyoa. Nilikuwa bado katika wazo hilo Papa Ramazani alipoingia kutoka darasa la jirani, akashika sikio moja la huyu na sikio moja la yule, akauliza, "Mwalimu wenu yuko wapi?"

"Yule pale," wakasema wote wawili, wakanionyesha. Walikuwa wameshapatana.

Baadaye Papa Ramazani hakunikaripia. Alisema tu, "Mwanangu, siku moja utakuwa mbele ya kitu unachokitaka, na utakuwa unakitafutia maana."

Siku hiyo ilichelewa, lakini ilikuwa njiani. Ilianza na mashindano ya klabu za Kiingereza. Klabu ya Kabambare ilikuja kwetu kwa pikipiki, watatu watatu, safari ya kutwa nzima katika mashimo ambayo watu wa huko wanayaita barabara. Walishuka wote wana rangi moja. Kiongozi wao alikuwa Feza, mwalimu wa Kifaransa, aliyekuwa anasimamia klabu kwa sababu shule yao haikuwa na mwalimu wa Kiingereza. Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge, na nikaona kwamba chini ya vumbi kulikuwa na mtu anayecheka.

Kila shule ilipewa nafasi ya kuwasilisha neno moja mbele ya wazazi. Sisi tulileta fight, na msemaji nilikuwa mimi, kwa amri ya prefe. Nilizungumza vizuri. Nilieleza maana zote. Niliwaeleza juu ya wale ndugu zake wa Kijerumani. Nilifika kwenye kuchana na kunyonyoa, wazazi wakacheka mahali pa kucheka. Kisha nikaeleza kwa nini inawezekana si hivyo, nikaeleza kwa nini inawezekana kwamba wanaosema si hivyo wamekosea, nikamaliza kwa labda.

Feza alinyoosha mkono.

"Mwalimu, asante. Sisi tumekula vumbi toka Kabambare mpaka hapa. Nauliza kitu kimoja tu. Lile neno la kuchana, iko ao haiko?"

Nilimwona Papa Ramazani anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemwambia dereva asigeuze.

"Labda iko," nikasema.

Walicheka mpaka fundi wa redio aliyekuwa nje ya dirisha akaingia kuuliza kuna nini. Kabambare walishinda. Neno lao lilikuwa rain, nao walisema maana yake ni mvua, wakakaa.

Jioni wageni wakila, Feza alikuja na sahani yake akakaa karibu nami. Aliniambia shule yao ina kamusi mpya, nzima, yenye herufi zote. Sijui kama mwanamke mwingine amewahi kumwambia mwanamume maneno mazuri namna ile. Nikamweleza habari za mchwa. Akaniuliza herufi gani inaniuma zaidi.

"W," nikasema. "Nataka kujua neno lao la vita limetoka wapi."

Siku chache baadaye, mtandao ulipopatikana, nilipata ujumbe: "Nimelitazama. War ni neno walilolipata kwa Wafaransa wa zamani, na Wafaransa walilipata kwa Wajerumani. Maana yake ya kwanza ilikuwa kuchanganyikiwa. Hapa kamusi haisemi labda. Nimekukumbuka."

Tuliendelea hivyo mpaka tukamaliza S, T, na U. Tulipofika V, nilimwuliza neno la ushindi, akaniambia nije nilisome mwenyewe. Nikamjibu kwamba labda nitakuja likizo ya Pasaka. Akaandika: "Barabara ya Labda haiko. Iko ya Kabambare tu." Nikaenda. Nikarudi. Nikaenda tena na wajomba. Mazungumzo ya wazee yalikwenda vizuri, kwa sababu katika mazungumzo hayo mimi sikuruhusiwa kufungua mdomo.

Likabaki jambo la mlango.

Feza alinieleza kwenye simu juma moja kabla. Katika ukoo wao, siku ya kumchukua bibi arusi, mashangazi na mama wa ukoo wanajipanga mlangoni, wanaweka mchi wa kutwangia toka ukuta huu mpaka ule, wanaimba, wanamtukana bwana arusi. Bwana arusi lazima asukume apite. Si mjomba wake, si rafiki yake. Yeye mwenyewe, kwa bega lake. Wao nao wanasukuma, tena hawafanyi mzaha.

"Na asiposukuma?"

"Basi hataki mutoto wao. Wakichoka kungoja, wanaweka muchi chini, wanapakua chakula wenyewe, wanakula. Wageni wanarudi kwao. Ilishafika kwa dada yangu mumoja mukubwa. Ule bwana mpaka leo iko bila bibi."

"Nisukume kwa kiasi gani?"

"Kiasi cha mutu anayetaka bibi, Sumaili."

Hilo si jibu lenye kipimo. Njia nzima kuelekea Kabambare, nyuma ya pikipiki, nililifikiria. Na nilipofika niligundua shida ambayo hata Feza hakuiona. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hata akimkuta njiani, anampisha. Kwa sababu ya heshima hiyo, mama yake Feza nilikuwa sijamwona sawasawa; kila nilipokuja alikaa upande wa nyumba ya nyuma. Sasa mbele ya mlango walisimama wanawake kama ukuta, wote wamevaa kitenge kimoja cha kijani chenye picha za feni, wote wamefunga vichwa kwa namna moja, wote wamejipaka unga wa muhogo usoni. Mmoja wao, labda, alikuwa mama mkwe wangu. Ao labda hakuwemo kabisa.

Walianza kuimba Kibangubangu. Mimi Kibangubangu nakisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

"Wanasema nini?" nilimwuliza Papa Ramazani, ambaye nilikuwa nimemwomba asimame upande wangu.

"Wanasema miguu yako ni ya ndege wa mtoni. Wanauliza kama vitabu ndivyo vilikula nyama." Akasikiliza. "Sasa wanasema unafanana na mugonjwa aliyekosa njia ya hospitali. Sukuma."

Nikasonga mbele. Nikasimama mbele ya mchi. Nikafanya jambo ambalo, nilivyoambiwa baadaye, halijawahi kufanywa mbele ya mlango ule.

"Hodi," nikasema.

Wimbo ulikatika. Wanawake waliangaliana. Hakuna aliyejua jibu, kwa sababu ukisema karibu umefungua mlango, na mlango haufunguliwi kwa mdomo.

"Amesema nini?" akauliza mmoja.

"Amesema hodi."

"Hodi ya nini?"

Waliimba tena, matusi makali zaidi. Nikasema hodi mara nyingine, kwa adabu zaidi. Mtoto wa jirani, kwa kunionea huruma, akaniletea kiti cha plastiki. Nami, kwa kutotaka kumvunja moyo, nikakaa. Nyuma yangu nilisikia wajomba wangu wakivuta pumzi kwa pamoja.

"Umekaa," akasema Papa Ramazani.

"Nawaza, Papa. Yule wa katikati, labda ndiye mama mkwe."

"Sukuma wa pembeni."

"Na kama ndiye wa pembeni?"

Papa Ramazani alikwenda akaegemea pikipiki, akafumba macho.

Nilikaa. Jua lilishuka upande wa mashamba. Harufu ya kuku na ya sombe, majani ya muhogo, ilitoka nyuma ya nyumba, ikatupita, ikaenda. Nilizitazama zile maana zote za neno langu, moja baada ya nyingine, nikitafuta ile inayomruhusu mtu msomi kumsukuma mama wa watu bila kukosa adabu. Wimbo ukapungua nguvu. Mwishowe mwanamke mmoja mnene, ambaye nilijua kwa sauti kuwa ni Shangazi Bitondo, dada mkubwa wa baba yake Feza, akageuka kwa wenziwe.

"Mikono inauma. Mutu huyu hataki. Anangoja tumubebe sawa mutoto." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa tena ya mchezo. "Baba, usituone vibaya. Kama hutaki, rudi kwenu kungali na mwanga. Mutoto wetu hajakosa kitu."

Akaanza kuuteremsha mchi. Ncha moja ilikuwa imeshagusa ardhi. Kule nyuma mtu alikuwa anatoa sahani, nilizisikia zikigongana, na nilijua ni sahani za wao kula wenyewe.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba, kwenye dirisha dogo lenye pazia. Haikuwa kubwa, wala haikuwa na kicheko.

"Mwalimu. Iko ao haiko?"

Nilisimama. Nilivua miwani yangu, nikampelekea Papa Ramazani, ambaye alifungua macho. Bila miwani wanawake wote walikuwa kitu kimoja cha kijani, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuhitaji kujua nani ni nani.

"Iko," nikasema, na sauti ilikuwa kubwa, kama ya mwalimu wa hesabu.

Shangazi Bitondo akaunyanyua mchi haraka, akapiga ukelele, ukuta ukajifunga, nami nikaingiza bega. Sikieni, wale mama wanasukuma. Mmoja alinishika kola, mwingine akanivuta shati mpaka vifungo vikaruka, mwingine akanipaka unga machoni. Kitambaa cha kichwa cha mtu kilibaki mkononi mwangu. Nilirudishwa nyuma, nikaingia tena. Nyuma yangu wajomba walikuwa wanaimba sasa, na juu ya wote nilimsikia Papa Ramazani akipiga kelele, "Amemusukuma mama mukwe."

"Hapana, ule ni jirani," akasema mwingine.

Mpaka leo sijauliza.

Mchi ulianguka, nami nikaanguka juu yake, nikapita kizingiti kwa magoti, shati limebaki na kifungo kimoja, nywele zimejaa unga. Ndani kulikuwa na utulivu. Feza alikuwa amekaa kwenye mkeka, na dada yake alikuwa hajamaliza kumchana. Feza alichukua chanuo mkononi mwa dada yake, akanielekezea, kama tunavyomwelekezea chaki mwanafunzi aliyechelewa.

"Umekuja, mwalimu?"

Lile jibu langu la siku zote lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza pamoja na unga.

"Nimekuja," nikamwambia, nikakaa kwenye mkeka.